Mji Uliohama na Mawe Yake

Miongoni mwa maswali yanayomtaabisha mwanadamu tangu alipoanza kuishi na wenziwe, ni machache yaliyo magumu kama hili: Je, ni haki wachache wapoteze kilicho chao ili wengi wapate kinachowafaa? Mtu mwenye haraka hulijibu kwa neno moja. Asemaye ndiyo huwatazama wengi akasahau ya kuwa wachache nao ni watu. Asemaye la huwatazama wachache akasahau ya kuwa wengi nao wana baridi, giza na njaa. Mtu mwenye busara hakimbilii jibu. Huliweka swali mizanini kama sonara awekavyo dhahabu, akangoja mpaka mizani itulie.

Lakini haki na dhuluma hazipimwi hewani. Hutaka mfano wenye mahali na majina, watu na tarehe, ili fikira ipate pa kukanyaga. Basi nakuomba, msomaji, tusafiri pamoja kwa mawazo hadi katika mji mdogo uitwao Portomarín. Ni mji usiotajwa sana katika vitabu vya dunia, wala hauna mfalme wala bandari. Lakini umepatwa na jambo ambalo ni miji michache iliyopatwa nalo. Ulizamishwa majini, na kabla ya kuzama ukapandishwa mlimani, jiwe kwa jiwe.

Portomarín uko Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uhispania, nchi ya mvua nyingi, vilima vya kijani na mawe magumu ya itale. Watu wake wana lugha yao, Kigalicia, iliyo ndugu wa karibu wa Kireno. Kwa njia hiyo si wageni kabisa masikioni mwetu, kwani Kireno ndiyo lugha iliyofika Mombasa pamoja na wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, ikatuachia maneno tunayoyatumia kila siku. Mgalicia atajapo mesa, bandeira na viño, sisi twasikia meza, bendera na mvinyo. Na atajapo igrexa, yaani kanisa, twasikia kwa mbali neno letu gereza, lililotokana na neno la Kireno lenye maana iyo hiyo. Huenda likakushangaza kuwa neno la kanisa liligeuka kuwa la kifungo. Lakini subiri kidogo, maana karibu utaona kanisa lililojengwa kama ngome.

Mji huu ulizaliwa na daraja. Mto Miño, ulio mkubwa kupita mito yote ya Galicia, hupita hapo, na tangu zama za Warumi palikuwa na daraja la kuuvuka. Kisha ikaenea habari ya kuwa kaburi la Yakobo, mtume wa Yesu, liko Santiago de Compostela, na Wakristo wa Ulaya wakaanza kumiminika kwenda kulizuru. Njia yao kubwa ilipita juu ya daraja hilo. Penye njia hupita mgeni, na penye mgeni hutakiwa maji, chakula na malazi. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Portomarín uliponea kwa wageni. Ukawa na hospitali ya kuwahifadhi mahujaji, na watawa askari wa Mtakatifu Yohana wa Yerusalemu wakaja kuulinda mji na wapitao.

Mwanzoni mwa karne ya 12 malkia Urraca alikuwa vitani na mumewe, Alfonso wa Aragón. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Na nyasi za siku ile zilikuwa daraja la Portomarín. Malkia alilivunja ili kumzuia adui. Baadaye, yapata mwaka 1120, mtu mmoja aitwaye Pedro, aliyepewa lakabu ya Msafiri wa Hija, alilijenga upya. Kitabu kimoja cha karne hiyohiyo, kilichoandikwa kwa ajili ya mahujaji, kilimtaja Pedro miongoni mwa watu waliotengeneza njia, kikasema pia kuwa daraja alilolijenga lilikuwa limevunjwa na malkia. Tazama hukumu ya kalamu, msomaji: katika mstari mmoja wa kitabu, mtawala akumbukwa kwa kubomoa, na raia akumbukwa kwa kujenga.

Mji ulikua pande mbili za mto, mtaa wa San Pedro upande mmoja na mtaa wa San Nicolás upande wa pili, daraja likiwa kama mkono uliowaunganisha ndugu wawili. Katika San Pedro palikuwa na kanisa ambalo mlango wake ni wa mwaka 1182. Katika San Nicolás watawa askari walijenga kanisa kubwa zaidi, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Huitwa San Nicolás, na huitwa pia San Xoán. Kwa mbali hulidhanii kuwa kanisa. Lina kuta nene zilizosimama wima kama boma, minara kwenye pembe zake, na juu kabisa meno ya ngome ambayo mlinzi aliweza kujificha nyuma yake. Aliyelijenga alitaka mahali pa kusali na pa kujihami kwa wakati mmoja. Lakini ukifika mlangoni ugumu ule unalainika. Juu ya mlango wa magharibi limewekwa dirisha la mviringo kama ua lililochanua, na chini yake, katika upinde, wameketi wazee 24 wa kitabu cha Ufunuo, wamechongwa kwa itale, na ala zao za muziki mikononi. Kwa miaka zaidi ya 700 wazee hao walisikiliza maji ya Miño yakipita karibu nao.

Na maji yale hayakupita bure. Yalikuwa na mikunga, samaki warefu kama nyoka, ambao Portomarín ulisifika kwao. Wenyeji walijenga mtoni kuta za mawe zilizokutana kama ncha ya mshale, mkondo ukawasukuma samaki hadi kwenye mtego. Kandokando ya mto palikuwa na ardhi yenye rutuba, na mizabibu kwenye miteremko. Maganda na mbegu za zabibu zilizobaki baada ya kukamuliwa hazikutupwa. Ziliwekwa katika mtambo wa shaba, zikakenekwa kwa moto wa polepole kupata kileo kikali kiitwacho augardente. Sikisifu kileo, msomaji. Nakitaja kwa sababu mila za watu hutokana na kile ambacho ardhi na maji yao yamewapa. Watu wa mto huwa na mila za mto.

Sasa tumefika penye fundo. Mwaka 1946 serikali ya Uhispania iliutangaza mji wa Portomarín kuwa mji wa historia na sanaa, wenye kustahili kulindwa. Haikupita miaka 20 serikali iyo hiyo ikakubali uzamishwe. Kampuni ya umeme iitwayo Fenosa ilijenga bwawa mahali paitwapo Belesar, chini zaidi ya mto, kwa ukuta wenye kimo cha mita zipatazo 130. Bwawa lilipokamilika mwaka 1963, maji yalirudi nyuma yakafanya ziwa la kilomita zipatazo 50, na Portomarín ulikuwa ndani ya mpaka wa ziwa hilo.

Kabla maji hayajapanda, kazi ya ajabu ilifanyika. Mji mpya ulijengwa juu ya kilima kilichouelekea ule wa zamani. Kanisa la San Xoán lilibomolewa jiwe kwa jiwe. Kila jiwe likaandikwa namba, likachukuliwa juu, likarudishwa mahali pake. Mlango wa kanisa la San Pedro ulihamishwa pia, na baadhi ya majumba ya wakubwa wa zamani. Tao moja la daraja la kale liliokolewa, likawekwa chini ya ngazi ndefu ya mawe ipandayo kutoka daraja jipya hadi mjini, na juu yake kikanisa kidogo cha Bikira Maria wa Theluji. Vilivyobaki, yaani nyumba za watu wa kawaida, njia nyembamba, bustani, mizabibu na kuta za kutegea samaki, viliachiwa maji.

Hayo ndiyo mambo yalivyokuwa. Sasa na tuyapime.

Anayelitetea bwawa ana hoja, na si haki kumdharau. Galicia ya zama hizo ilikuwa nchi ya umaskini. Tangu karne ya 19 watu wake walikuwa wakipanda meli kwa maelfu kwenda Argentina, Cuba na kwingineko kutafuta riziki, hata huko Argentina kila Mhispania akaitwa Mgalicia. Nyumba nyingi za mashambani ziliwaka taa za mafuta. Umeme ni mwanga wa kusomea, ni nguvu ya kiwanda, ni dawa ihifadhiwayo katika baridi isiharibike, ni mgonjwa apasuliwaye usiku akapona. Mto hutoa nguvu hiyo bila moshi, mwaka baada ya mwaka. Je, mji mmoja mdogo usimame njiani kwa sababu ya uzuri wake? Mama ambaye mwanawe amepona kwa sababu hospitali ina umeme hatakuelewa ukimwambia kuwa heri mizabibu ya watu wengine ingalipona.

Anayeulilia mji naye ana hoja. Atasema hivi: Mizani yenu ina kasoro, kwa kuwa huweka faida na hasara katika sahani mbili kana kwamba ni za mtu mmoja. Nikiuza shamba langu ili nimsomeshe mwanangu, aliyepoteza ni mimi na aliyepata ni mimi. Lakini likichukuliwa shamba langu ili asome mtoto wa mtu nisiyemjua, mmoja amepata na mwingine amepoteza. Hamwezi kutoa hesabu ya mmoja katika hesabu ya mwingine mkasema kilichobaki ni faida ya wote. Furaha ya watu elfu haiingii katika kifua cha yule mmoja aliaye. Yeye hulia peke yake.

Hoja hii ni nzito, wala hatuwezi kuiondoa kwa kuongeza idadi ya walionufaika. Lakini nayo ikifuatwa hadi mwisho wake, haitaruhusu barabara yoyote ipite, wala shule ijengwe, maana hapana kazi ya wote isiyomgusa mtu mmoja mahali fulani. Basi pengine hatukuuliza swali vema. Pengine lililo kubwa si kama wachache waweza kuombwa kutoa kwa ajili ya wengi, bali ni kwa namna gani wanaombwa, na wanabaki wakidai nini baada ya kutoa.

Zingatia neno hilo: kuombwa. Kutoa ni tendo la heshima. Kunyang'anywa si tendo la mtu, ni jambo analotendewa. Mtu aliyetoa mkufu wake wa pekee kumkomboa jirani hutembea akiwa ameinua kichwa. Mtu aliyevuliwa mkufu uleule kwa nguvu, hata kama jirani yuleyule alikombolewa nao, hutembea akiwa ameinama. Mkufu ni mmoja na faida ni moja, lakini haki si moja. Uhispania ya mwaka 1963 ilikuwa chini ya Jenerali Franco, aliyetawala tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939 hadi alipofariki mwaka 1975. Chini ya utawala wake hapakuwa na uchaguzi huru, magazeti hayakuwa na uhuru, na Kigalicia hakikuwa lugha ya serikali. Mwenyeji wa Portomarín hakuwa na mahali pa kusema la, na mtu asiyeweza kusema la, ndiyo yake haina thamani. Hata kama moyoni alikuwa tayari kuutoa mji wake kwa ajili ya nchi, heshima ya kuutoa alinyimwa.

Hapa mtu atanijibu: Lakini mji uliokolewa! Kanisa lilihamishwa, nyumba mpya zilijengwa. Kitu gani kilichopotea ila ardhi yenye unyevu? Jibu hili linatulazimisha kuuliza mji ni nini hasa. Je, ni mawe yake?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango wa kanisa uliweza kuhamishwa kwa sababu mlango ni mawe, na mawe hukubali namba. Lakini mikunga haikukubali namba. Samaki hao huzaliwa mbali katika bahari ya Atlantiki, husafiri mwendo mrefu hadi mitoni, na wakikomaa hurudi baharini kuzaa. Mabwawa yaliyojengwa katika mto Miño yaliwafungia njia, na mila ya kuwavua ikafa pamoja na mitego yake. Sauti ya mkondo chini ya daraja haikuandikwa namba. Wala ujirani haukuandikwa, yaani lile jambo la mtu kujua kuwa nyuma ya ukuta huu yuko fulani, na kwamba akibisha usiku atafunguliwa. Waliohama hawakwenda wote kilimani. Wapo waliokwenda mbali. Wagalicia wana neno, morriña, lenye maana ya huzuni ya mtu aliye mbali na kwao. Waliopanda kilimani waliijua morriña ya namna ngeni: walikuwa kwao, nao waliweza kupaona kwao chini ya maji, lakini hawakuweza kwenda.

Jambo hili halikuwapata wao tu. Mwaka 1964 mafundi wa mataifa mengi walianza kuyakata mahekalu ya Abu Simbel huko Misri na kuyapandisha juu, yasizamishwe na ziwa la bwawa kuu la Aswan. Kazi ikaisha mwaka 1968, na dunia ikashangilia. Zama hizohizo maelfu ya Wanubi, wenye nchi ile, walihamishwa kutoka kandokando ya Nile. Wale wa Wadi Halfa nchini Sudan walisafirishwa kwa treni hadi Khashm el-Girba, mbali na mto waliozaliwa nao. Mahekalu yaliinuliwa karibu na pale yalipokuwa, watu wakapelekwa mamia ya kilomita. Si vibaya kuyahurumia mawe yenye sanaa ya mababu. Lakini huruma inayofika kwenye jiwe na isifike kwa mwenye jiwe, hiyo imepotea njia.

Hata hivyo, msomaji, usidhani nataka kukuambia kuwa Portomarín ulikufa. Ningesema hivyo ningekudanganya. Ukifika leo utaona mji mweupe wenye paa za mawe meusi ya bapa, barabara kuu yenye baraza za nguzo pande zote, na kanisa la San Xoán katikati yake, wazee 24 wakiwa bado wameshika ala zao. Mahujaji hawakukoma, wameongezeka. Wengi huanzia safari yao mji wa Sarria, nao hufika Portomarín jioni ya siku ya kwanza, baada ya kutembea kilomita zipatazo 22, wakiwa na malengelenge miguuni. Huvuka daraja refu juu ya ziwa, hupanda ile ngazi ya mawe, nao hupokewa kama walivyopokewa wenzao miaka 900 iliyopita. Jumapili ya Pasaka mtambo wa shaba huwashwa hadharani uwanjani, watu hucheza ngoma kwa zumari za ngozi ya mbuzi, na sikukuu ya augardente husherehekewa. Keki ya lozi iitwayo tarta de Ancano huliwa na wenyeji na wageni. Watoto waliozaliwa kilimani wamekuwa wazazi na mababu, nao wakisema "kwetu" wanakusudia kilimani.

Haya nayo ni kweli, na yanatufunza kitu. Daraja la Warumi lilivunjwa, na lililojengwa na Pedro halikuwa lile, lakini mji uliendelea kuwa mji. Kama mji ungalikuwa mawe, ungalikufa siku ile ya Urraca. Kama ungalikuwa mahali, ungalikufa mwaka 1963. Naona basi kwamba mji ni ahadi ambayo watu wamepeana na kuwarithisha watoto wao: tutampokea mgeni, tutawazika wafu wetu, tutakutana uwanjani siku ya sikukuu, tutaitana kwa majina. Mawe ni chombo cha ahadi hiyo, na mahali ni kitanda chake. Chombo chaweza kubadilishwa na kitanda chaweza kuhamishwa, lakini si bila maumivu, na maumivu hayo yana mwenyewe. Nguvu ya watu kusimama tena baada ya kuangushwa ni sifa yao wao waliosimama. Haiwi udhuru wa aliyewaangusha. Asiwepo wa kusema, "Mwaona, hawakudhurika," eti kwa sababu jeraha limepona.

Kuna siku ambazo maji yenyewe hutoa ushahidi. Ukame ukizidi, au maji yakipunguzwa bwawani, ziwa hushuka na mji wa kale hutokeza: misingi ya nyumba, vipande vya kuta, njia zilizokanyagwa na mahujaji, mabaki ya daraja, na zile kuta za kutegea mikunga ambayo haiji tena. Wageni huteremka kupiga picha. Nadhani kwa mzee aliyezaliwa pale si picha anayoiona. Anaona mlango wa mama yake. Kisha mvua hunyesha, maji hupanda, na mji hufunikwa tena. Ni kama dhamiri ya mtu: aweza kuifunika kwa miaka mingi, akapanda mashua juu yake na kufurahi, lakini ukame wa nafsi ukija, misingi hutokeza.

Na kilimani kuna ushahidi mwingine, ulio kimya zaidi. Katika kuta za kanisa la San Xoán, ukisogea karibu na kutazama vizuri, bado zinaonekana namba zilizoandikwa juu ya mawe siku lilipobomolewa. Namba hizo zasema: jengo hili halikuwa hapa, lililetwa, na palipokuwa pake pamelipa gharama. Kila jengo lingalikuwa na adili kama hilo, la kuonyesha namba zake! Kila barabara, kila bandari, kila bwawa la dunia lingalisema wazi ni kwa shamba la nani lilijengwa, na ni nani aliyeondoka ili sisi tupite.

Sasa na nitoe hukumu yangu, nawe uipime kwa akili yako, kwa maana hukuumbwa uwe kasuku wa mtu. Nasema kwamba wengi waweza kuwaomba wachache, lakini wanapowaomba huingia katika deni, na deni hilo lina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kuwauliza kabla ya kuchukua, na kuwauliza kwa namna ambayo la yao inaweza kusikiwa. Anayeuliza huku amekwisha kufungulia maji hakuuliza, ametangaza. Sehemu ya pili ni kuwalipa, si bei ya jiwe tu bali na bei ya riziki iliyokuwa imeshikamana na jiwe; maana nyumba mpya isiyo na shamba wala mto ni sanduku zuri lisilo na nguo. Sehemu ya tatu, ambayo watu huisahau upesi, ni kuwakumbuka. Fedha hulipwa mara moja, kumbukumbu hulipwa daima. Katika Portomarín sehemu ya kwanza haikulipwa, na aliyestahili kulipwa wengi wao wamekwisha kufariki. Deni la namna hiyo halilipiki tena, hubaki kuwa funzo. Ya pili ililipwa kwa kiasi, kwani wenyeji hawakuachwa bila paa. Ya tatu inalipwa hadi leo na zile namba, kwa kimya chao.

Labda utauliza: haya yanihusu nini mimi, mwanafunzi, niliye mbali na Miño? Yanakuhusu sana. Huenda kesho ukawa mhandisi, hakimu, diwani au waziri, ukaletewa mchoro mezani. Katika mchoro mto huwa mstari wa buluu, na mji huwa doa. Ni rahisi kuhamisha doa kwa kalamu. Siku hiyo kumbuka kwamba ndani ya doa kuna mlango wa mama wa mtu. Au huenda usishike cheo chochote, ila ukawa raia tu anayebonyeza swichi jioni na kuona chumba kimejaa nuru. Hata wewe unahusika, kwa sababu nuru haitoki ukutani. Imetoka mahali, ikapita kwa watu, na pengine yuko aliyekaa gizani ili ikufikie. Sikutaki uizime taa yako. Soma, maana kusoma kwako ni sehemu ya faida ambayo kwa ajili yake gharama ililipwa. Nakutaka ujue tu ya kuwa unasoma kwa deni, na uishi kama aishivyo mdeni mwaminifu: asiyejificha kwa mwenye haki yake, na asiyemwomba mwingine alichokataa kumuuliza.